Mtani Aliyetoa Pole

Kosmas Tawete alizungusha nobu ya sauti hadi mwisho, upande wa kufunga, akasikiliza. Spika iliendelea kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kukera, kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa.

"Umesikia mwenyewe," alisema mkewe, Redempta, aliyekuwa amesimama nje ya mlango wa lori na kikombe cha chai mkononi. "Nashinda na kitu hicho masikioni kutwa nzima. Nikifika nyumbani bado nakisikia."

"Sijasema nakataa."

"Hukukataa. Ulisema kesho. Lori la yule kijana wa mbolea ulilitengeneza siku ileile aliyolileta."

Kosmas aligeuza bisibisi mkononi. Alikuwa fundi mkuu wa redio koli, zile za kuitana kwa mawimbi, katika karakana ya Lusindo, na fundi mkuu hasemwi na mkewe mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni mlinzi mmoja na kuku wake.

"Sikiliza," alisema, kwa sauti aliyoitumia kufundishia mafundi wapya. "Sauti nimeifunga kabisa, lakini mlio upo. Maana yake hautoki hewani. Ungetoka hewani ungepungua pamoja na maneno. Huu unaingia nyuma ya nobu. Ama kikuza sauti kimechoka, ama umeme unaokuja ni mchafu."

"Mimi nataka unyamaze tu, Baba Onesmo. Jina lake sihitaji."

Redio yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko Redempta, dereva wa lori. Ilitengenezwa zamani, wakati anga bado lilikuwa wazi. Baadaye satelaiti ziligongana, vipande vikagonga nyingine, na katika muda mfupi juu ya vichwa vya watu pakawa jalala la vyuma lisilopitika. Simu za mfukoni zikageuka kuwa tochi na vioo vya kujitazamia. Ndipo zilipofunguliwa stoo za zamani, redio koli zikang'olewa kwenye magari mabovu ya wagonjwa na ya misitu, na mafundi kama Kosmas, ambao watu walikuwa wameanza kuwaonea huruma kwa kushikilia kazi iliyokufa, wakaanza kuitwa mheshimiwa.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kipya ndani ya redio hizo, nacho Kosmas hakukipenda. Kiliitwa kijazo. Kilikuwa kadi ndogo, upana wa vidole viwili, iliyowekwa kati ya sehemu inayopokea mawimbi na sehemu inayokuza sauti. Katika milima ile nusu ya maneno hupotelea nyuma ya vilima. Kijazo kilisikiliza nusu iliyofika, kikajaza nusu iliyopotea, tena kwa sauti ya msemaji mwenyewe. Kadiri kilivyomsikia mtu mara nyingi ndivyo kilivyomjaza vizuri. Sheria ilitaka kila redio iwe nacho, na Kosmas alikuwa amevichomelea ndani ya redio kwa mkono wake mwenyewe hadi akapoteza hesabu.

Magurudumu ya nyuma ya lori yalikuwa yameinuliwa kwa jeki. Kosmas alirudisha nobu katikati, akawasha mota ya umeme ya lori, akakanyaga pedali kidogo. Magurudumu yakazunguka hewani na mlio wa spika ukapanda nayo. Akaachia, ukashuka.

"Umeme," alisema, akijipongeza kimoyomoyo. "Unafuata mota kama mkia."

Akakanyaga tena, na safari hii ndani ya mlio ikatokea sauti ya mwanamume, nzito, safi, isiyo na kikwazo.

"Habari za asubuhi, Mama Onesmo. Pole sana na msiba wa shangazi. Usijichoshe barabarani."

Redempta aliweka kikombe juu ya tairi, akaingiza mkono mbele ya uso wa mumewe, akachukua kipaza sauti.

"Asante, Igolwa. Nimeshapoa. Leo nipo karakana, redio inatibiwa. Ova."

Alipokirudisha kipaza sauti mahali pake, uso wake ulikuwa umelainika. Ulikuwa uso ambao Kosmas alikuwa hajauona kwa muda mrefu kiasi kwamba aliuangalia kama anayemwangalia mgeni. Mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye pedali. Mota ikasimama, spika ikanyamaza.

"Huyo ni Kikoti, yule wa kituo cha mlimani?" aliuliza.

"Ni Galus, ndiyo. Nani mwingine yuko Igolwa?"

"Na kila mtu sauti yake inakwaruza kwenye redio hii isipokuwa yake."

"Muulize kijazo chako," Redempta alisema, akachukua chai yake, akaenda zake.

Kosmas alibaki ameshika bisibisi. Alikuwa amepoteza hamu ya kufungua chochote siku hiyo.

*

"Kikoti siku hizi ana adabu," alisema jioni, wakati ugali umeshaandaliwa na jiko la mkaa limewekwa katikati yao kwa ajili ya baridi.

Redempta alinawa mikono. "Kumbe ndiyo maana hukufungua redio."

"Nilikuwa na kazi nyingine. Nauliza tu. Tangu lini mtu yule amekuwa na adabu?"

Galus Kikoti alikuwa mtunza kituo cha Igolwa, juu kabisa ya mlima, pasipoonekana kutoka barabarani, mahali ambapo hakuna jirani ila ukungu. Kazi yake ilikuwa kupima mvua na upepo, na kuwaambia madereva hali ya barabara. Alikuwa Mhehe, na Kosmas na Redempta walikuwa Wangoni, makabila yaliyo watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza Redempta alipopeleka mitungi ya oksijeni kwenye zahanati za ng'ambo, Galus alikuwa akimtukana. Alimwuliza kama panya aliyembeba kwa chakula cha njiani ameshaiva. Alisema lori lake linanuka tangu likiwa kwenye kona ya chini. Redempta naye alimwuliza kama mbwa wa Igolwa siku hizi wanalala jicho moja wazi, wakiogopa sufuria yake. Kosmas aliwahi kuyasikia hayo mwenyewe na akacheka hadi machozi. Hakuna mume anayemwonea wivu mtani.

"Tangu ile mvua ya mawe," Redempta alisema, baada ya kufikiri kidogo. "Tangu siku ile amekuwa mpole. Anaongea sana kwenye kilima, nikikanyaga. Habari za asubuhi, safari njema, asante mama. Basi."

"Na pole."

"Na pole."

Kosmas alisukuma bakuli la maharage. "Mama Onesmo, wewe si mtoto. Alipokufa mama yangu, yule Mhehe wa soko la Njombe alifanya nini?"

Redempta alitabasamu bila kutaka. "Alivaa kanga za marehemu."

"Alivaa kanga zake, akatembea kama yeye, akiburuta mguu, akidai kahawa yake. Akalala mlangoni tusitoe jeneza hadi tukampa jogoo. Huyo ndiye mtani. Mtani hatoi pole. Akitoa pole amevua utani. Na akishavua utani, kinabaki nini pale? Anabaki mwanamume anayeongea na mke wa mtu."

Aliona kwamba maneno yamempata mkewe, maana alirudisha tonge kwenye sahani.

"Hata mimi nilishangaa," alisema Redempta. "Nilimchokoza makusudi. Nikamwambia mbwa wa wilaya nzima wameandamana kumshitaki. Akaniambia, asante mama, safari njema. Nikamchokoza tena kesho yake, na kesho kutwa, nikampiga maneno mazito kabisa. Anashukuru tu." Akageuza kipande cha mkaa kwa koleo. "Halafu shangazi akafa. Nikapita pale, nikamwambia. Akasema pole sana. Nikasimamisha lori pembeni nikalia."

"Ukalia kwa pole ya Kikoti."

"Wewe ulinipa?"

"Nilikupa."

"Ulisema shangazi alikuwa mtu mzima. Halafu ukauliza lori litaendeshwa na nani nikienda mazishini."

Kosmas alitaka kusema kwamba pole ya mume haiko mdomoni, iko kwenye kazi, kwenye paa lisilovuja na kuni zilizopasuliwa. Lakini alijua jinsi ambavyo ingesikika, na pia alikumbuka kwamba redio yake alikuwa hajaitengeneza.

"Mwambie aache," alisema badala yake. "Ukipita, mwambie mume wangu hataki. Mvua, upepo, barabara. Zaidi ya hapo anyamaze."

"Nitamwambia," Redempta alisema, akianza kukusanya vyombo ingawa hakuna aliyeshiba. "Lakini unifundishe pa kuanzia. Nimwambie kosa lake ni lipi? Kunihurumia?"

*

Asubuhi Kosmas alifika karakana kabla ya wengine, akaingia kwenye lori la mkewe na sanduku la vifaa. Alikuwa amelala vibaya na alitaka kufanya kazi kwa utaratibu, kama kitabu kinavyosema, hatua moja baada ya nyingine, ili asifikirie.

Kwanza alichomoa spika, akaunganisha nyingine aliyojua ni nzima. Mlio haukubadilika. Basi si spika. Akafuata waya wa umeme kwa vidole, chini ya dashibodi, akakuta kwamba fundi fulani hakuuunganisha kwenye betri ndogo kama inavyotakiwa. Aliuchomekea karibu, kwenye laini ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uzungushe mota. Uvivu mtupu. Akafungua kasha la redio, akaona kapasita kubwa ya kuchuja umeme imevimba kichwani kama mkate uliozidiwa hamira. Hapo palikuwa na jibu lote. Umeme mchafu ulikuwa ukiingia, na aliyewekwa mlangoni kuuchuja alikuwa amekufa.

Ilibaki hatua moja, ambayo kitabu huiweka ya kwanza na ambayo jana hakuifanya kwa sababu alikuwa akitazama uso wa mkewe. Alichomoa waya wa antena nyuma ya redio. Redio isiyo na antena ni kiziwi. Chochote kitakachosikika hapo kinazaliwa ndani ya lori.

Akiwa na waya wa antena mkononi, akakanyaga pedali.

"Habari za asubuhi, Mama Onesmo," alisema Galus Kikoti.

Kosmas aliutazama waya. Akaachia pedali, ukimya. Akakanyaga tena.

"Pole sana na msiba wa shangazi. Usijichoshe barabarani."

Akakanyaga polepole, kwa ncha ya kiatu, na sauti ya Galus ikaja polepole, ikijivuta. Akakanyaga kwa nguvu, ikaja haraka, na shukrani juu yake. Hapo akaelewa. Mlio wa mota ulipanda kwenye waya wa umeme hadi ndani ya kijazo. Kijazo kiliudhani ni mtu anayeongea kwa mbali sana, aliyepotelewa na karibu maneno yote. Kikafanya kazi yake. Kilimtafuta yule kilichomzoea zaidi kwenye lori hili, kikamjaza. Na kwa kuwa kiwanda kilikikataza matusi, kilijaza kwa adabu. Msiba wa shangazi kilikuwa kimeusikia kwa Redempta mwenyewe, kwenye kipaza sauti.

Kosmas alicheka. Alicheka peke yake, mgongo ukigonga kiti. Usiku mzima alikuwa amegombana na kapasita iliyovimba. Akachukua kipaza sauti.

"Kikoti, mbwa wa jana alikuwa mtamu?"

Akakanyaga.

"Asante. Safari njema."

"Na mke wangu, unamtaka?"

"Asante. Safari njema."

Alirudia mara kadhaa, kila mara kwa neno baya zaidi, na kila mara mpinzani wake alimshukuru. Ilikuwa tamu kuliko alivyotegemea. Kisha akaacha, kwa sababu wazo lingine lilikuwa limeingia.

Kati ya Lusindo na Igolwa kuna mlima. Toka karakana ianze, hakuna redio iliyowahi kusikia kituo kile ikiwa hapa uani. Ndiyo maana habari za Igolwa zililetwa na Redempta, ambaye lori lake peke yake lilipita barabara ya juu, na kila jioni alimwambia mkuu wa karakana kwamba Igolwa ni salama. Jana Kosmas aliisikia sauti ya Igolwa hapahapa, yeye fundi mkuu, na hakushangaa. Alikuwa na jambo jingine la kushangaa, uso wa mkewe.

Basi Galus mwenyewe aliongea mara ya mwisho lini? Kabla ya mvua ya mawe. Mvua ile iling'oa mabati ya Lusindo, mahali pa bondeni. Juu kule, kwenye mnara, ilifanya nini, hakuna aliyejua. Mtu alikuwa peke yake mlimani, na kila siku iliyopita wilaya nzima iliambiwa kwamba ni salama.

Kosmas aliwasha pasi ya kuchomelea waya. Mikono yake ilijua la kufanya. Alitoa kapasita mbovu, akaweka mpya. Akavuta waya mpya hadi kwenye betri ndogo. Akang'oa kijazo, akakitia mfuko wa koti, akaunganisha njia moja kwa moja kwa kipande cha waya. Akarudisha antena. Alipokanyaga pedali, hapakuwa na mlio wala Galus.

Na katika ukimya ule aliona jambo ambalo hakulitafuta. Hakulazimika kusema neno. Jana usiku alimwagiza mkewe amwambie mtu yule anyamaze. Redempta akipita kilimani na redio safi, ataita, hatajibiwa. Atafikiri Galus ametii. Hakuna atakayeuliza. Ukimya ule ungeonekana ni heshima. Hata ikija kujulikana baadaye, fundi alitengeneza redio iliyolia. Alipewa kazi hiyo, akaifanya.

Alikuwa bado amekaa hapo Redempta alipofika, pamoja na mkuu wa karakana, Bi. Atukuzwe Mahenge, mwanamke mrefu aliyetembea kama aliyechelewa hata akiwa amewahi.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mkuu."

"Mama Onesmo leo namgeuza. Zahanati za juu zina mitungi ya kutosha. Atashuka upande wa Njombe, na mwezi huu wote atabaki huko. Barabara ya juu hatupiti mpaka ikauke." Akamgeukia Redempta. "Igolwa si wako salama?"

"Salama," alisema Redempta, akitazama pembeni. "Tuliongea jana asubuhi, hapahapa."

"Vizuri. Fundi, redio iko sawa?"

Lilikuwa swali la kawaida. Kosmas alikuwa amelijibu maisha yake yote.

"Iko sawa," alisema.

Bi. Mahenge akaondoka kuelekea kwenye ghala. Redempta alipanda upande wa dereva, akawasha, akakanyaga kidogo kusikiliza. Ukimya. Aliitikia kwa kichwa, nusu ya kushukuru.

"Haya. Umepata ulichotaka," alisema. "Sipiti tena Igolwa. Hata ujumbe wako sina haja ya kuufikisha. Atanyamaza mwenyewe."

Kosmas alikuwa ameshateremka na ameshika mlango. Akilini alimwona Galus Kikoti, ambaye uso wake alikuwa ameuona mara mbili tu, amelala ndani ya jeneza. Msiba ule ungekuwa wa Wahehe, na Wahehe wangetafuta mtani. Wangeangaza macho uani na kumwona Mngoni mzima, mtu wa Lusindo, anayefahamika. Wangemletea koti la marehemu alivae. Wangemngoja atembee kama Galus, atukane kama Galus, watu wacheke ndipo waweze kuzika. Naye angesimama pale na koti lile mabegani, akijua anachokijua, na asingekuwa na sauti ya kuigiza isipokuwa ile ya kadi.

"Redempta," alisema. Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake, na alimwona akizima mota. "Jana hukuongea na Galus."

"Nimeongea naye wewe ukisikia."

Alimweleza. Hakutumia sauti ya kufundishia. Alimwonyesha kapasita iliyovimba, akatoa kijazo mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha mkewe. Alimwambia kwamba alichomoa antena na bado mtu yule aliongea.

Redempta alikitazama kile kitu kidogo kwa muda. Alikuwa mwanamke wa kuelewa haraka, na Kosmas aliona jinsi alivyoelewa jambo moja baada ya lingine, na lipi lilimfikia kwanza.

"Kwa hiyo nani alinipa pole?"

"Hakuna mtu."

Alimrudishia kijazo. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Asubuhi hii."

"Na Mahenge amekuuliza sasa hivi, umesema iko sawa."

"Redio iko sawa," Kosmas alisema, na hata yeye aliona aibu ya jibu hilo.

Redempta hakugombana. Aliweka mkono kwenye honi na kuubakiza hapo mpaka Bi. Mahenge alipotoka ghalani mbio, kanga mkononi, na nusu ya karakana nyuma yake.

*

Waliondoka na mablanketi, machela ya zahanati, chupa ya uji na kamba. Muuguzi angefuata kwa gari jingine likipatikana. Bi. Mahenge alitaka apande kijana mwenye nguvu, lakini Kosmas alisema kama mnara umeanguka anayehitajika ni fundi, akapanda kabla hajajibiwa.

Walianza kupanda mlima. Mawe ya mvua ile yalikuwa yameyeyuka zamani, lakini kazi yao ilionekana: mimea ya pareto imelala kifudifudi, mahindi yamebaki vijiti. Walipoizunguka kona ambapo mlima unaachia mawimbi yapite, Kosmas alichukua kipaza sauti.

"Igolwa, Igolwa, hapa ni Lusindo. Ova."

Spika ilitoa muungurumo wa hewa tupu. Hakikuwepo kitu cha kuupamba. Aliita tena walipofika daraja la magogo, na tena kwenye mawe meupe ya kando ya barabara. Redempta aliendesha akiwa ameinama mbele.

Baada ya mawe meupe kitu kikagota ndani ya muungurumo. Kikapotea, kikarudi.

"...mguu... mnara umelala... nani huyo?"

Redempta alikanyaga breki hadi machela yakagonga ukuta wa nyuma ya viti.

"Ni Tawete, fundi wa Lusindo," Kosmas alisema. "Tunakuja. Uko wapi? Ova."

Walingoja. Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka, nusu yake imeliwa na mlima, na haikufanana hata kidogo na ile nzito ya kadi.

"Ndani. Nimevunjika... maji ya paa ninayo. Betri... kidogo." Ukafuata mkwaruzo mrefu. "Redempta yupo?"

Hakusema Mama Onesmo. Kosmas aliitazama redio aliyoisafisha kwa mkono wake, kisha akamtazama mkewe.

"Yupo," alisema. "Sogea huku, Mama Onesmo. Niache niendeshe, wewe ongea naye. Asilale."

Wakabadilishana viti. Kosmas hakuwa dereva mzuri, na lori liliruka kidogo lilipoondoka. Redempta alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Galus. Nipo."

"Nimekuita," ilisema sauti. "Kila ukipita. Nasikia lori lako... nawasha redio, nakuita. Nasema mguu, nasema mnara. Na wewe... unanitajia mbwa."

Redempta aliziba mdomo. Kosmas, macho yakiwa barabarani, alielewa kabla yake. Mtu huyu hakuwa kimya hata siku moja. Kila kilio chake kilifika kwenye lori hili kikiwa vipande, na kijazo kilikichukua kipande kwa kipande, kikakikamilisha kwa safari njema. Na Redempta, akishangaa upole huo, alikuwa amemjibu kwa matusi mazito kuliko yote aliyoyajua, ili amrudishe.

"Sikukusikia," Redempta alisema. "Naapa, Galus. Nilisikia kitu kingine."

"Nikadhani... umenichoka."

Muungurumo ulijaa ndani ya lori. Kosmas alikaza usukani. Kwa sehemu fulani ya moyo wake, ambayo hakujivunia, alitamani kona ifike, mlima uingie katikati, jibu lipotee. Lakini barabara ilikuwa imenyooka na mawimbi yalikuwa mazuri.

"Sikukuchoka," mkewe alisema, taratibu, kwa sauti ambayo hakuna kiwanda kilichomfundisha. "Nilikuwa nakutafuta. Kaa macho. Niambie chochote, hata cha ovyo, mpaka tufike."

Galus akaanza kumwambia, kwa maneno yaliyokatika, kuhusu usiku wa upepo ule. Kosmas alisikia yote. Alimwuliza mkewe kona inayofuata iko kushoto au kulia, akaambiwa kushoto, akakata kushoto, akaendelea kupanda.